Vunjajungu Wako Hakufa kwa Mkosi: Historia ya Gamba Inayopitia Maseno na Mbita

Januari na Februari ndiyo miezi mibaya kwa vunjajungu wa Kisumu. Mvua imepotea, mabati ya Nyalenda na Manyatta yanachemka mchana kutwa, na DM zangu zinajaa picha moja. Vunjajungu amening'inia kwenye kifuniko cha mkebe. Nusu yake imeshatoka kwenye gamba la zamani, nusu imekwama. Miguu imepinda kama waya. Kesho yake amekufa, na swali ni lile lile: "Nimemkosea nini?"

Jibu fupi ni maji. Jibu refu ni historia, na leo nataka tukae kwa hilo refu. Wasee wengi wanadhani kufuga vunjajungu ni mambo ya wazungu wa YouTube, ati sisi tunaiga tu. Si kweli. Sayansi ya jinsi mdudu anavyojivua gamba inapitia hapa hapa kwetu, Maseno na Mbita. Na ina kitu cha kushangaza ndani yake: ujuzi wa kumwokoa vunjajungu wako leo ulitafutwa na watu waliotaka kujua namna ya kuwashinda wadudu.

Kwanza jina lenyewe

Vunjajungu. Huyu mdudu alipewa jina na Pwani. Watoto walikuwa wakiambiwa, ukimgusa, chombo kitakachofuata mkononi mwako kitavunjika. Kama una familia Mombasa unajua pia kuvunja jungu ni ile karamu ya mwisho kabla ya Ramadhani, lakini hiyo ni hadithi nyingine. Point ni kwamba huyu mdudu alifika kwetu akiwa tayari na kesi. Mtoto akimwona anakimbia, mtu mzima akimwona anachukua kandambili.

Na si yeye peke yake. Kando ya ziwa letu, mdudu yeyote amekuwa mshukiwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na kusema kweli kuna sababu.

Ziwa lilipojifunza kuogopa wadudu

Reli ilifika Port Florence, yaani Kisumu ya leo, mwaka 1901. Wakati huo huo, ng'ambo ya ziwa kule Busoga, ugonjwa wa malale ulikuwa umeanza kufyeka vijiji. Mwaka 1903 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza aliyekuwa akifanya kazi Entebbe, alionyesha kwamba ugonjwa huo unabebwa na mbung'o. Kufikia mwisho wa janga, upande wa Uganda pekee walikuwa wamekufa watu zaidi ya 200,000. Serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka ufuoni na visiwani, wakaacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Upande wetu, bonde la Lambwe, hapo nyuma ya Mbita, lilibaki na sifa ya mbung'o kwa miaka mingi.

Kwa hiyo sayansi ya wadudu ilikuja ziwani kama vita. Hakuna aliyeuliza mdudu anaishije. Swali lilikuwa moja: anakufaje?

Lakini vita vina tabia moja. Huwezi kumpiga adui usiyemjua. Ikabidi watu wakae chini wamsome mdudu mwenyewe: anakula vipi, anapumua vipi, anakunywaje, anakuaje. Hapo ndipo hadithi ya gamba inaanza.

Bwana wa vichwa vilivyokatwa

Vincent Wigglesworth alizaliwa Uingereza mwaka 1899. Aliajiriwa katika shule ya London ya usafi na tiba za nchi za joto, mahali palipokuwa na kazi nyingi kwa sababu ya magonjwa ya makoloni. Mwaka 1929 alichapisha utafiti kuhusu jinsi mbung'o anavyosaga damu tumboni. Unaona? Shida ya ziwa letu ilikuwa tayari mezani kwake.

Kisha akampata mdudu aliyemfanya awe maarufu: Rhodnius, aina ya kunguni kutoka Amerika Kusini. Huyu ni mtu wa mpango. Akishiba damu mara moja, siku kadhaa baadaye anajivua gamba. Mlo mmoja, gamba moja. Ukijua amekula lini, unajua atajivua lini.

Wigglesworth akafanya jambo ambalo leo lingepigiwa kelele mitandaoni. Alikata vichwa. Akikikata mapema baada ya mlo, kunguni anaishi miezi mingi bila kichwa (ndiyo, anaishi) lakini hajivui kamwe. Akisubiri siku chache ndipo akate, kunguni anajivua gamba hivyo hivyo, bila kichwa. Halafu akawaunganisha wawili, damu ya mmoja ipite kwa mwingine. Yule ambaye hakutakiwa kujivua, akajivua.

Maana yake? Kuna ujumbe unaotoka kichwani, unaingia kwenye damu, unauambia mwili: muda umefika. Alichapisha hayo mwaka 1934. Watafiti wengine wakaendelea kuufuata ule ujumbe. Mwaka 1954, Ujerumani, Adolf Butenandt na Peter Karlson walichukua kilo 500 za pupa wa nondo wa hariri wakapata miligramu 25 tu za homoni inayoamuru gamba livuliwe. Nusu tani ya wadudu kwa chembe ambazo hazijazi ncha ya kijiko. Homoni hiyo inaitwa ekdisoni.

Wigglesworth aligundua jambo la pili, na hili ndilo linakuhusu wewe na mkebe wako. Mwaka 1945 alionyesha kwamba mdudu hakauki kwa sababu ngozi yake imepakwa tabaka jembamba la nta. Ikikwaruzwa kidogo na vumbi kali, maji yanatoka mwilini na mdudu anakauka. Mdudu ni mdogo, maji yake ni kidogo, na hewa inayomzunguka inayataka kila dakika. Ile nta ndiyo inazuia.

Kijana wa Maseno

Sasa turudi nyumbani. Thomas Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka 1931. Akasoma Maseno School, hapo hapo unapopita ukielekea Busia, kisha Makerere. Akafanya kazi ya wadudu Uganda, na mwaka 1959 akachapisha maelezo ya mdudu mmoja mwindaji ambaye dume ndiye hukaa akilinda mayai. Hebu fikiria. Wakati wenzake wote wanauliza mdudu anauawaje, huyu jamaa wa Nyanza amekaa anaangalia baba mdudu akilea.

Baadaye akaenda Cambridge. Mwalimu wake huko alikuwa nani? Wigglesworth. Omera, mtu aliyegundua ujumbe wa gamba alimfundisha kijana wa Maseno.

Odhiambo alimsoma nzige wa jangwani, na hasa tezi ndogo iliyo nyuma ya ubongo ambayo hutoa homoni ya utoto. Kazi ya homoni hiyo ni rahisi kueleza. Ekdisoni inasema "jivue." Homoni ya utoto inasema "ukishajivua, bado utakuwa mtoto." Ikipungua, gamba linalofuata linatoa mtu mzima mwenye mbawa. Vunjajungu wako naye yuko hivyo hivyo. Anajivua mara sita hadi tisa hivi, kutegemea aina na kama ni dume au jike, na ile ya mwisho ndiyo inampa mbawa. Baada ya hapo hajivui tena.

Odhiambo alirudi Kenya, akawa profesa wa kwanza wa entomolojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1967 aliandika katika jarida la Science kuhusu sayansi kwa maendeleo ya Afrika Mashariki. Mwaka 1970 kituo chake kikaanza: icipe, kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ikolojia ya wadudu. Makao makuu yako Kasarani, mahali panapoitwa Duduville, na si utani, ndiyo jina. Kituo chake cha ziwani kiko Mbita, Homa Bay, kikitazamana na kisiwa cha Rusinga. Odhiambo alifariki mwaka 2003, na leo kampasi ya Mbita inabeba jina lake.

Wazo lake lilikuwa hili: badala ya kumwaga sumu shambani, mtu akielewa homoni na harufu za mdudu anaweza kumzuia bila kuharibu kila kitu kingine. Gamba lilikuwa mojawapo ya milango. Mdudu akishindwa kujivua, amekwisha.

Mmea unaokwamisha gamba

Ushahidi ulikuwa unaota porini. Kuna mmea wa Kenya unaoitwa Ajuga remota, mchungu balaa, ambao watu hutumia kama dawa ya homa. Watafiti waligundua kwamba hata viwavijeshi wakivamia na kula kila kitu, huo wanauruka. Kwa nini?

Kwenye utafiti huo alikuwa Koji Nakanishi, mkemia wa Kijapani aliyekuwa mmoja wa wakurugenzi wa utafiti wa icipe, na Isao Kubo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kubo na wenzake walichapisha matokeo. Mmea umebeba kemikali za jamii ya ekdisoni. Viwavi waliolishwa dondoo la mizizi yake walianza kujivua, lakini gamba la kichwa cha zamani halikutoka. Chini yake kikaota kichwa kingine, kikakwama pia. Wengine waliishia na magamba matatu ya kichwa yamepandana, mdomo umezibwa. Wakafa njaa wakiwa juu ya chakula.

Soma tena hiyo sentensi, kisha angalia ile picha ya vunjajungu aliyekwama. Kinachofanywa na Ajuga kwa kemia, mkebe mkavu unakifanya kwa ukame. Njia ni tofauti, kifo ni kile kile: gamba lililokataa kuachia.

Kinachoendelea ndani ya mkebe wako

Kabla hujaona chochote, ngozi mpya imeshajengwa chini ya ile ya zamani. Majimaji maalumu yanayeyusha upande wa ndani wa gamba kuukuu, na kati ya ngozi mbili kunabaki utelezi. Vunjajungu ananing'inia kichwa chini. Anameza hewa, anasukuma damu kuelekea kifuani mpaka gamba linapasuka mgongoni, karibu na kichwa. Kisha anateleza kwenda chini kwa uzito wake mwenyewe, anavuta kila mguu kama mtu anayevua soksi zilizobana.

Sasa hesabu maji. Ule utelezi ni maji. Damu inayosukuma ni maji. Ngozi mpya inatanuka kwa shinikizo la hiyo damu kabla haijakauka na kuwa ngumu. Vunjajungu mwenye kiu hana presha ya kupasua gamba, na hewa kavu inakausha utelezi kabla hajamaliza. Gundi badala ya mafuta. Hakuna mkosi, hakuna jicho baya.

Ukitaka kuona mambo yakienda vizuri, simama Dunga jioni karibu na mwezi mwandamo. Wale wadudu wa ziwa wanaopanda kama moshi juu ya maji, mpaka unafunga mdomo, wametoka tu kuvua gamba lao la mwisho. Wanalivua juu ya maji yenyewe na kuliacha likielea. Mamilioni kwa usiku mmoja, na hakuna anayewapulizia maji.

Basi fanya hivi

Nafasi kwanza. Mkebe uwe na urefu wa kwenda juu angalau mara tatu ya mwili wake, kwa sababu akijivua anateleza chini kiasi kinachokaribia mara mbili ya urefu wake. Akigonga sakafu, anapinda. Juu pawe na kitu cha kushika. Plastiki laini ni utelezi. Kipande cha chandarua cha mbu kinatosha, na kinapitisha hewa.

Maji. Tumia chupa ya kunyunyizia, ile ya kinyozi, na uinunue mpya. Pulizia kuta za mkebe, si uso wake. Atakunywa matone. Mara moja kwa siku inatosha nyakati za kawaida, asubuhi au jioni. Januari na Februari, kama nyumba ni ya mabati, ongeza. Lakini mkebe ukauke kati ya mara moja na nyingine. Ukiuziba ili ubaki na mvuke, unafuga ukungu, na ukungu nao unaua.

Na tafadhali, usinakili asilimia za unyevunyevu kutoka kwa mfugaji wa Ulaya. Yeye anaandika akiwa ndani ya nyumba yenye hita wakati wa baridi, hewa imekauka kama unga. Wewe uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Machi hadi Mei hewa yenyewe inakusaidia. Soma mkebe wako: matone yakipotea ndani ya dakika chache, ni pakavu; yakikaa mchana kutwa, umezidisha.

Dalili. Akiacha kula siku kadhaa, rangi ikififia, vifuko vya mbawa vikivimba, anajiandaa. Toa nyenje wote mkebeni, hata mmoja asibaki. Mdudu aliyening'inia na ngozi laini hawezi kujitetea, na nyenje mwenye njaa humtafuna. Pulizia mapema, kabla hajaanza. Akishaanza, usipulizie, usihamishe mkebe, usimguse.

Akimaliza, mwache akauke. Subiri siku moja au mbili kabla ya kumlisha. Aliyepata mbawa mpe zaidi. Akikwama, usivute. Ukivuta unang'oa mguu pamoja na gamba. Ongeza unyevunyevu kwa kupulizia kuta, kisha ngoja. Mdogo aliyepoteza mguu anaweza kuuotesha tena katika magamba yanayofuata. Hata hilo ni zawadi ya kujivua.

Maoni yangu

Sisi tumelelewa kuona mdudu kama uchafu au hasara, huku wengine wanaona mali. Mei 2025, mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA iliwatoza vijana wawili wa Ubelgiji faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja. Walikuwa wamekamatwa na sisimizi malkia kama 5,000, ndani ya mirija zaidi ya 2,000 yenye pamba, iliyotayarishwa ili wadudu wakae hai kwa wiki nyingi. Idolomantis diabolica, vunjajungu mkubwa anayefanana na ua na anayepatikana Kenya na Tanzania, anatafutwa sana na wafugaji wa Ulaya na Marekani. Hao watu wanajua thamani ya wadudu wetu na wanajua namna ya kuwapa maji. Sisi bado tuko na kandambili mkononi.

Sisemi tuanze kuuza. Kabla ya kuuza au kumsafirisha mdudu yeyote wa porini, nenda KWS uulize. Hiyo kesi iko wazi ya kutosha. Ninachosema ni kwamba huu ujuzi si wa kuazima. Bondo, katika Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, wanafuga nyenje wa chakula, na mtu yeyote anayefuga nyenje anapambana na gamba na maji kila wiki. Mwaka 2018 nyenje mmoja wa Kenya anayefaa kuliwa alipewa jina la kisayansi Scapsipedus icipe, kwa heshima ya kituo cha Odhiambo. Mto wa maarifa unapita mlangoni kwetu, na bado tunaagiza maji ya chupa kutoka nje.

Kwa hiyo, msee wa Kondele mwenye mkebe wa plastiki chini ya kitanda, wewe si mtu wa ajabu. Wigglesworth alitaka kujua nini humfanya mdudu ajivue. Odhiambo alitaka kujua nini humfanya akue au abaki mtoto. Wewe unataka atoke salama. Ni swali lile lile, ila wewe unaliuliza ukiwa upande wa mdudu.

Ukiwa na mwalimu wa biolojia anayesikiza, mwambie darasa liende Mbita siku moja. Na kama vunjajungu wako leo usiku ameshaanza kuning'inia na mgongo umepasuka, zima tochi ya simu, funga mlango polepole, mwache afanye kazi yake.